Umeme wa Jangwani na Maji ya Mabwawa Yetu

Ukichukua ramani na kupima kwa mstari ulionyooka kutoka Lubumbashi, mji wetu wa Katanga kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), hadi Inga, penye mabwawa ya umeme kwenye mto Kongo, utapata kilomita 1,650 hivi. Ukipima tena kutoka Lubumbashi hadi Windhoek, mji mkuu wa Namibia uliopo kati ya jangwa la Namib na nyika kavu ya Kalahari, utapata karibu urefu uleule. Naanza na vipimo hivyo kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu umeme wa jangwani, yaani unaozalishwa kwa jua la jangwa, huwaza Sahara na Ulaya, ilhali mojawapo ya majangwa yenye jua jingi kuliko yote duniani liko upande wetu wa kusini-magharibi, na umbali wake ni ule ambao Katanga imekuwa ikiletewa umeme tangu mwaka 1982.

Kazi yangu ni ya njia za umeme wa msongo (volti) mkubwa, na ninaishi katika mji ambao mgao wa umeme ndio unaopanga saa za kupika, za kupiga pasi na za kuchomelea vyuma. Ninachotaka kukieleza ni kwamba umeme wa jangwani huwafaa majirani pale unapobadilishana na umeme wa maji, kila upande ukitoa na kupokea, na kwamba mpango unaotaka jangwa litoe tu, huku jirani akipokea tu, hauna msingi imara hata kama hesabu zake za jua ni sahihi.

Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1913 mhandisi Mmarekani Frank Shuman alijenga huko Maadi, karibu na Cairo, mtambo wa vioo virefu vilivyopinda ambavyo vilikusanya mwanga wa jua, vikachemsha maji, na mvuke wake ukaendesha pampu ya kumwagilia mashamba kwa maji ya Nile. Vita Kuu ya Kwanza vikaukatiza. Baada ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl ya mwaka 1986, mwanafizikia Mjerumani Gerhard Knies alipiga hesabu na kuonyesha kwamba majangwa ya dunia hupokea ndani ya saa 6 nishati nyingi kuliko ile ambayo wanadamu wote huitumia kwa mwaka mzima. Kutokana na fikra hiyo ulizaliwa mpango wa Desertec, ambao mwaka 2009 uliungwa mkono na makampuni makubwa ya Ujerumani, ukilenga kuipatia Ulaya takriban asilimia 15 ya umeme wake ifikapo mwaka 2050. Miaka michache baadaye baadhi ya makampuni hayo, ikiwemo Siemens, yalijitoa. Bei ya paneli ilikuwa imeshuka kiasi kwamba Ulaya ilijijengea mitambo yake yenyewe, machafuko ya mwaka 2011 katika nchi za Kiarabu yalikuwa yamewatia hofu wenye fedha, na watu wa Afrika Kaskazini walikuwa wakiuliza, kwa haki kabisa, kwa nini jua lao lipelekwe ng'ambo wakati wao wenyewe wanachoma mafuta na makaa ya mawe kupata umeme. Hata mradi wa baadaye wa kutandika nyaya chini ya bahari kutoka Moroko hadi Uingereza ulikosa uungaji mkono wa serikali ya Uingereza mwezi Juni 2025.

Kilichostawi ni mitambo iliyolenga kwanza mahitaji ya nchi yenyewe. Huko Ouarzazate, Moroko, mitambo ya Noor ina jumla ya megawati 580 hivi, na sehemu yake kubwa huhifadhi joto katika matangi ya chumvi iliyoyeyushwa ili turbini ziendelee kuzunguka saa kadhaa baada ya jua kuzama. Huko Benban, karibu na Aswan, Misri ilikamilisha mwaka 2019 bustani ya paneli yenye uwezo wa karibu megawati 1,500.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama umeme hauishii njiani unaposafiri mbali namna hiyo. Sisi wa Katanga tunalo jibu juu ya vichwa vyetu, kwani njia ya Inga hadi Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, yenye kilomita 1,700 na msongo wa kilovolti 500 kwa kila upande wa chanya na hasi, ilikuwa miongoni mwa njia ndefu kuliko zote duniani ilipowashwa. Siri yake ni msongo. Hasara katika waya hukua kwa mraba wa mkondo unaopita, maana yake ukipunguza mkondo nusu, hasara inabaki robo. Na ukipandisha msongo, mkondo unaohitajika kubeba nguvu ileile unapungua. Megawati 560, ambazo ndizo njia hiyo iliundwa kuzibeba, zinahitaji ampea 560 tu, kwa kuwa kati ya waya wa chanya na wa hasi kuna kilovolti 1,000. Siri ya pili ni kutumia mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Mkondo geu tunaoutumia majumbani hubadilisha mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na katika njia ndefu sana waya wenyewe huchajiwa na kuondolewa chaji kila mara, hadi sehemu kubwa ya uwezo wake inaliwa na kazi hiyo isiyomfaa mtu. Mkondo mnyoofu hauna tatizo hilo, na unatosheka na nyaya mbili badala ya tatu. Nchini China, njia ya kilovolti 1,100 kutoka eneo kavu la Xinjiang hadi jimbo la Anhui hupita karibu kilomita 3,300 ikiwa na uwezo wa megawati 12,000. Kwa hiyo umbali wa jangwa la Namib si kikwazo cha kiufundi hata kidogo.

Ugumu upo kwenye ncha za njia, na hapa naomba msomaji anivumilie. Katika kituo cha Kolwezi umeme unaofika unageuzwa kuwa mkondo geu na visahani vya silikoni viitwavyo thairista, vilivyopangwa kwa mfuatano, kimoja juu ya kingine, katika ukumbi mrefu uliofungwa. Thairista inaweza kuamriwa kuwaka, lakini haiwezi kuamriwa kuzima. Inangoja gridi, yaani mtandao wa umeme, ya upande wa mapokezi iizime kwa mdundo wake. Gridi hiyo ikiyumba, ugeuzaji unakosea, na njia nzima inaweza kukatika wakati ambapo tunaihitaji zaidi. Namibia ililikabili tatizo hilo kwa namna nyingine. Njia yake ya Caprivi, iliyoanza kazi mwaka 2010, ina kilomita 950, kilovolti 350 na megawati 300, na inatumia transista, ambazo zinaweza kuamriwa kuwaka na pia kuzima, hivyo inaweza kufanya kazi hata pale gridi za pande zote mbili zilipo dhaifu. Njia hiyo inatoka Gerus, kaskazini ya kati ya Namibia, hadi karibu na Katima Mulilo, na hapo inaungana na Zambia. Kutoka Zambia, njia ya kilovolti 220 kati ya Luano na Karavia inaingia Lubumbashi. Kwa maneno mengine, mnyororo wa kutoka jangwani hadi kwetu umeshafungwa. Ni mwembamba, lakini hakuna pete iliyokosekana.

Sasa nifike kwenye maji, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo. Katanga inategemea Inga pamoja na mabwawa yake yenyewe: Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye Lufira. Zambia, ambako sehemu ya umeme wa migodi yetu hununuliwa, inategemea maji kupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka 2022 maji yanayoweza kutumika kuzalisha umeme katika ziwa Kariba yalishuka chini ya asilimia 5, na mwaka 2024 ukame uliilazimu Zambia kutangaza janga la kitaifa. Jirani anapokaukiwa, na sisi tunaonunua kwake tunaingia gizani. Jua la jangwani, kwa upande wake, halipungui katika mwaka wa ukame. Wingu likiwa haba, paneli huzalisha vizuri zaidi.

Mabwawa yana sifa ambayo paneli hazina, nayo ni kungoja. Megawati ikiingia mchana kutoka jangwani, mwendeshaji wa mtambo wa Nseke anaweza kupunguza maji anayoyapitisha kwenye turbini, akayaacha nyuma ya ukuta, na kuyafungulia jioni, watu wa mitaa yetu ya Katuba na Ruashi wanapowasha majiko ya umeme kusonga bukari (ugali). Hakuna betri inayonunuliwa na hakuna tone la maji linalosafirishwa. Usiku, umeme huohuo wa maji unaweza kurudi Namibia, nchi ambayo kwa miaka mingi imenunua sehemu kubwa ya umeme wake kutoka nje. Huko ndiko kutoa na kupokea ninakokusema.

Kuna faida nyingine ndogo ambayo sioni ikitajwa. Windhoek na Lubumbashi hufuata saa moja, lakini Windhoek iko magharibi zaidi kwa takriban nyuzi 10, kwa hiyo kwa wastani jua huzama kule dakika 40 hivi baada ya kuzama kwetu. Mwezi Desemba tofauti inakaribia saa nzima au kuizidi, na mwezi Juni inapungua hadi dakika 20 hivi. Maana yake ni kwamba giza linapoingia Lubumbashi na mahitaji yanapopanda kwa ghafla, paneli za kule bado zinapata mwanga.

Je, kwa nini tusiweke paneli hapahapa? Tuziweke, na tuanze na hizo. Anga letu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ni safi sana, na umeme unaozalishwa Likasi hauhitaji kuvuka mpaka wowote. Lakini kuanzia Novemba mawingu yanatufunika kwa majuma, na mvua ikichelewa kujaza mabwawa, tunakuwa na mawingu bila maji. Hapo ndipo jangwa linapotufaa, pamoja na upepo wa pwani ya Lüderitz, ambao huvuma hata usiku. Isidhaniwe pia kwamba joto ndilo linalotakiwa. Paneli ya kawaida hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25, hivyo paneli iliyofikia nyuzi 65 imeshapoteza asilimia 16. Vumbi nalo hufunika kioo, na kukiosha kunahitaji maji mahali ambapo mifugo ndiyo yenye haki ya kwanza ya kunywa.

Nasisitiza haki hiyo kwa sababu nimeona njia ya umeme inavyoweza kupita juu ya watu bila kuwafaa. Minara ya kutoka Inga inavuka vijiji vingi ambavyo usiku huangazwa kwa mishumaa na taa za mafuta, kwani kuuteremsha umeme wa msongo ule kwa ajili ya kijiji kungehitaji kituo kizima cha kugeuzia. Vyuma vya minara viliwahi kung'olewa na kuibwa, na siwezi kujifanya kushangaa. Karibu na ziwa Turkana, Kenya, mitambo 365 ya upepo yenye jumla ya megawati 310 ilijengwa kwenye ardhi kavu ya wafugaji, na mwaka 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa utaratibu. Teknolojia ya transista inayotumika Caprivi inarahisisha kuongeza vituo vya kati kuliko ile ya thairista, kwa hiyo kisingizio cha kiufundi kimepungua nguvu. Gharama ya vituo hivyo iandikwe katika bajeti ya njia tangu siku ya kwanza, pamoja na fungu la wafugaji ambao paneli zitakaa kwenye malisho yao.

Kwa maoni yangu, kinachotakiwa kutangulia ni kuiongezea uwezo njia ya Luano hadi Karavia, ambayo tayari inabeba mzigo mkubwa wa migodi, na sambamba nayo kuwaunganisha wapangaji wa mitambo wa Lubumbashi, Lusaka na Windhoek ili kila asubuhi waone kiwango cha maji cha kila bwawa na makadirio ya jua ya siku hiyo. Umoja wa kugawana umeme wa kusini mwa Afrika, ambao Kongo ni mwanachama wake, upo tangu mwaka 1995 na una soko linalouza umeme kwa saa, lakini soko hilo linauza umeme tu, halimlipi mwenye bwawa kwa maji aliyoyazuia mchana. Malipo hayo yakiwekwa kwenye mikataba, mwendeshaji wa Nseke atakuwa na sababu ya kufunga mlango wa maji jua linapokuwa kali kule Namibia, na kazi hiyo haihitaji kungoja mnara hata mmoja mpya.