Mafuta ya Ng'ombe Huanza Kupangwa Tumboni

Ng'ombe wawili wanaweza kulelewa zizi moja, wakala chakula kilekile, wakachinjwa wakiwa na umri sawa, na bado nyama zao zikatofautiana. Ya mmoja ina nyuzi nyeupe za mafuta zilizotawanyika ndani ya msuli. Ya mwenzake ni nyekundu tupu, mafuta yote yamejilundika kwenye figo na chini ya ngozi. Lawama hutupiwa chakula. Kweli, chakula kina sehemu yake, lakini hakina pa kukaa pasipo seli za mafuta, na seli hizo huanza kuandaliwa ndama angali tumboni.

Chanzo cha seli ya mafuta ni seli shina, yaani seli changa isiyoamua bado itakuwa nini, ambayo ingeweza pia kuwa msuli, mfupa au gegedu. Ishara za Wnt, ujumbe wa kikemikali ambao seli hupeana, zikiwa na nguvu, njia ya mafuta hufungwa. Zikilegea, jeni ZFP423 huielekeza seli upande wa mafuta. Kisha huwaka jeni C/EBPβ na C/EBPδ, ambazo huamsha jeni nyingine, PPARG, swichi kuu kuliko zote: bila PPARG hakuna seli ya mafuta. PPARG nayo husaidiana na C/EBPα, kila moja ikiiwasha mwenzake, hivyo seli iliyofika hapo ni nadra kurudi nyuma.

Maabarani tunayaona haya kwa macho. Seli changa ni nyembamba na ndefu, zimelala kwenye sakafu ya chombo. Tukizipa insulini na deksamethasoni, dawa ya jamii ya homoni za steroidi, baada ya siku kadhaa huanza kuwa za mviringo, na ndani yake hujitokeza vitone vinavyong'aa. Tukitia rangi inayoshika mafuta peke yake, vitone hivyo huiva wekundu.

Wakati huo jeni zinazotengeneza mafuta yenyewe zimekwisha kuwaka. Mojawapo ni SCD, inayogeuza asidi ya steariki kuwa asidi ya oleiki, zote mbili zikiwa asidi za mafuta. Ya kwanza huyeyuka kwenye nyuzi joto 69 hivi za Selsiasi, ya pili kwenye 13 tu. Ndiyo maana mafuta ya ng'ombe mmoja hulainika mdomoni na ya mwingine huganda.

Zipo pia breki. Maikro-RNA, vipande vifupi vyenye takriban herufi 22 za kijeni, hunasa ujumbe wa jeni kabla haujawa protini; miR-27, kwa mfano, huizuia PPARG.

Mafuta ya ndani ya msuli ndiyo hukomaa mwisho, baada ya yale ya tumboni na chini ya ngozi. Kwa kuwa asidi inayotokana na vitamini A huzuia seli changa kukomaa, wafugaji wa Wagyu, ng'ombe wa Kijapani wanaosifika kwa mafuta ya ndani ya nyama, nchini Japani hupunguza vitamini hiyo wakati wa kunenepesha. Wakizidisha, ng'ombe hupofuka. Kwangu mimi, hiyo ni bei ambayo mnyama hapaswi kulipishwa.

Njia salama zaidi ni uteuzi wa mbegu, ila tusitafute jeni moja ya miujiza. Ng'ombe wa Belgian Blue, waliopungukiwa herufi 11 kwenye jeni ya myostatini, protini inayozuia misuli kukua kupita kiasi, wana misuli mikubwa na mafuta haba; lakini kuna jeni chache zenye nguvu namna hiyo. Mafuta ya ndani ya nyama hutawaliwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, kwa hiyo mfugaji anayechagua dume ampimishe alama nyingi za DNA kwa pamoja, na ng'ombe jike mwenye mimba asiachwe akae na njaa.