Kupima Presha Nyumbani kwa Ajili ya Utafiti: Maswali na Majibu

Mimi si daktari. Vipimo vyangu vya nyumbani vitamsaidia nini mtafiti?

Mengi. Kuanzia mwaka 1948, katika mji wa Framingham nchini Marekani, watu wa kawaida 5,209 walikubali kupimwa na kuhojiwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka. Utafiti huo ulisaidia sana kuonyesha kwamba presha ya juu, lehemu (kolesteroli) nyingi na sigara huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Isitoshe, presha hupanda na kushuka kutwa nzima, na wapo ambao hupanda kwa hofu ya kumwona daktari tu. Hao, kipimo cha nyumbani ndicho kinachosema kweli yao.

Nipimeje?

Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kikijaa presha hupanda. Kaa kwenye kiti, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, usikunje nne. Tulia dakika 5 bila kuongea wala kushika simu.

Mkanda wa mashine ufungwe kwenye ngozi ya mkono wa juu, si juu ya nguo. Ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kunjo la kiwiko. Mkono uulaze mezani ili mkanda uwe usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba hupanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao huongeza namba, na hili hutokea mno: mtu anaambiwa ana presha, kumbe ni mkanda. Pima mzunguko wa mkono wako wa juu kwa futi ya fundi cherehani, kisha ulinganishe na vipimo vilivyochapishwa kwenye mkanda.

Pima asubuhi kabla ya dawa na chakula, kisha jioni. Kila mara pima mara mbili, ukipumzika dakika 1 katikati. Kwa siku 7 utakuwa na vipimo 28. Vya siku ya kwanza kwa kawaida huachwa, kwa kuwa mwili bado haujazoea mashine, na wastani hutafutwa kwa 24 vilivyobaki. Utafiti wako ukiwa na ratiba nyingine, fuata hiyo.

Niandikeje?

Papo hapo, kama mashine ilivyoonyesha. Mstari mzuri ni huu: "Jumanne, saa 12:40 asubuhi, presha 137/84, mapigo 72, mkono wa kushoto, sikulala vizuri." Usiifanye 137 kuwa 140. Namba nyingi zikiishia na sifuri, mtafiti hutambua kwamba zimekadiriwa. Usirudie kupima mpaka upate namba inayokupendeza. Ukisahau siku moja, acha nafasi wazi. Pengo linaweza kushughulikiwa katika hesabu. Namba ya kubuni huharibu kazi bila mtu kujua.

Namba ikiwa kubwa je?

Wastani wa nyumbani wa 135/85 au zaidi huhesabiwa kuwa juu, muone daktari. Ukipata 180/120 au zaidi, tulia dakika chache urudie. Ikibaki hapo, mtafute daktari siku hiyohiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ulimi mzito, macho kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, nenda hospitali sasa hivi. Usimsubiri mtafiti, kwani daftari lako huenda likasomwa baada ya wiki kadhaa. Wala usiongeze au kuacha dawa kwa uamuzi wako.

Niulize nini kabla ya kusaini fomu ya ridhaa?

Nani ataona majibu yangu? Jina langu litatenganishwa nayo vipi? Yatatunzwa kwa muda gani? Nani atanipigia simu namba zikiwa za hatari? Kamati ya maadili imeupitisha utafiti huu? Ukijibiwa kwa kuzungukazunguka, usisaini. Na hata baada ya kusaini unaweza kujitoa wakati wowote, bila kueleza sababu na bila kupoteza matibabu yako ya kawaida.