Limau Halifiki Kwenye Mshipa wa Moyo

Mzee akirudi Bukavu kutoka Kigali au India na ripoti inayosema mishipa ya moyo wake imejaa chokaa (madini ya kalsiamu), hata kabla ya kuketi ushauri umeshaanza: aache maziwa, aache sambaza (wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu), anywe limau na kitunguu saumu kila asubuhi.

Habari ya limau imetoka kwenye birika. Ukilichemshia humo, ukoko mweupe unabanduka. Ila chokaa ya mshipa haikuganda juu, pale damu inapopita. Imejijenga ndani ya ukuta wenyewe, kwenye mafuta na makovu ya miaka mingi. Hata zile dripu za kuvuta madini mwilini, zilipojaribiwa kwa wenye kisukari waliowahi kupata shambulio la moyo, matokeo ya 2024 hayakuonyesha faida.

Sambaza nao wanasingiziwa. Wanaojenga chokaa ni umri, kisukari, presha, sigara na figo zilizochoka. Kwenye sahani ya sambaza, mimi ningeogopa chumvi kuliko mifupa.

Wengine husema: si waweke stenti tu, kile kibomba cha waya cha kushikilia mshipa wazi, chuma kitasukuma? Hapo ndipo penye hatari. Chokaa ikiwa ngumu, puto dogo la kutanulia stenti linagoma kufunguka, na likilazimishwa laweza kupasua mshipa. Stenti iliyofunguka nusu hukaribisha damu kuganda na mshipa kuziba tena. Kwa hiyo daktari hutengeneza njia kwanza. Kuna kichwa kidogo chenye chembe za almasi (ndiyo, almasi, jamaa wa zile za Mbuji-Mayi) kinachozunguka mara 140,000 hadi 180,000 kwa dakika: kinasaga kigumu, huku ukuta laini ukibonyea na kukipisha. Kuna pia puto lenye maji linalotoa mawimbi ya mshtuko, ujuzi uliotokana na kuvunja mawe ya figo. Marekani iliidhinisha matumizi yake kwenye mishipa ya moyo 2021. Hilo haliondoi chokaa, kama wengi wanavyodhani. Linaitia nyufa, stenti ipate kufunguka vizuri. Mishipa ikiwa imeharibika sehemu nyingi, huenda upasuaji wa kuunganisha mishipa mipya ukafaa zaidi.

Halafu kuna ile namba ya skana inayopima chokaa ya mishipa ya moyo. Ikizidi 400, chokaa ni nyingi, lakini haisemi ni wapi pamebana, wala peke yake haimpeleki mtu kwenye stenti. Tena dawa za kushusha kolesteroli zinaweza kuipandisha kidogo, kwa sababu utando laini, ule unaopasuka kwa urahisi, unakuwa mgumu na kutulia. Mzee akiona namba imepanda akatupa vidonge, ametupa kinga yake.