Kulinganisha patisheni na sekta za diski: maana yake ni nini?

Patisheni ni sehemu ya diski iliyotengwa, kama C: au D:, na kuilinganisha ni kuifanya ianzie pale sekta inapoanzia. Diski haisomi wala kuandika baiti mojamoja. Inachukua fungu zima, nalo ndilo sekta. Kwa miaka mingi sekta ilikuwa baiti 512, kisha kufikia 2011 watengenezaji wakahamia baiti 4096. Ili mifumo ya zamani isikwame, diski nyingi mpya bado huiambia kompyuta kwamba sekta zake ni za 512. Ndani, sekta nane za namna hiyo ni sekta moja halisi.

Chukulia kreti za sato pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, kila kreti samaki wanane: kreti ni sekta halisi, samaki ni sekta za 512. Mteja anayechukua wanane wanane akianza na samaki wa kwanza, anafunguliwa kreti moja kila safari. Akianza na samaki wa mwisho wa kreti, kila safari zinafunguliwa mbili: mmoja huku, saba kule.

Windows XP ndivyo ilivyofanya. Patisheni ya kwanza ilianzia sekta 63, na kwa kuwa hesabu huanzia sifuri, hiyo ni ya nane katika kreti yake. Windows Vista na zilizofuata huanzia sekta 2048, inayogawanyika kwa nane bila baki.

Kusoma hakuumii sana. Maumivu yako kwenye kuandika: diski inasoma sekta nzima ya zamani, inabadilisha kipande, inasubiri sahani yake ya ndani izunguke tena, ndipo inaandika. Kwa mizunguko 5400 kwa dakika, kusubiri huko ni kama milisekunde 11. Faili kubwa la video halitaonyesha tofauti kubwa. Mafaili madogo elfu kumi yatakuchosha.

Kupima ni rahisi. Kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows, andika `Get-Partition`, tazama safu ya Offset (mwanzo wa patisheni kwa baiti), gawanya kwa 4096. 1048576 inatoa 256 kamili, basi uko salama. 32256 inatoa 7.875, basi imepinda. Kwenye Linux ni `sudo parted /dev/sda align-check optimal 1`.

Kompyuta mpya hazina shida hii. Inajitokeza pale fundi anaponakili diski ya mtumba yenye XP, sekta kwa sekta, kwenda diski mpya au SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka): ile 63 inahama nayo. Ku-format peke yake hakusaidii, maana mwanzo wa patisheni haujaguswa. Hamisha data kwanza, futa patisheni, kisha kwenye diskpart, programu ya amri ya Windows ya kupanga diski, andika `create partition primary align=1024`.

GParted, programu ya Linux ya kupanga patisheni, inaweza kuisogeza patisheni pamoja na data yake, ila inahamisha kila kitu na huchukua saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati, na Mwanza hukatika bila hodi, data imeharibika. Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), usijaribu. Na hata ikimaliza salama, weka karibu CD ya Windows: mfumo wa zamani unaweza kukataa kuwaka mpaka urekebishiwe buti, yaani sehemu ya kuuwashia.