Shoka linapwaya? Usililoweke

Shoka likianza kupwaya, dawa inayojulikana karibu kila nyumba ni kulitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi limekaza kweli. Siku tatu baadaye linacheza kuliko mwanzo, na sasa anatafutwa msumari wa kugongelea juu.

Ndani ya tundu la chuma linaloshika mpini hutokea hivi: mti ukinywa maji unavimba, lakini chuma hakiupishi, kwa hiyo nyuzi za mti zinajiponda zenyewe. Zikikauka zinasinyaa na kubaki nyembamba kuliko zilivyokuwa kabla ya kulowekwa. Kila unapoloweka, unaupunguza mpini. Msumari nao unapasua mti mahali palepale panapotakiwa kubana, kisha unashika kutu.

Shoka la namna hiyo linataka mpini mpya, na kazi inaanza kwa kutoa ule wa zamani. Ukate kwa msumeno sentimita moja hivi chini ya chuma. Upande wa juu toboa matundu manne au matano kwa keekee ya milimita 6, ukikwepa misumari, kisha weka kipande cha nondo na ugonge kutoka chini kwenda juu. Uelekeo huo una sababu: tundu la shoka ni pana zaidi juu kuliko chini, na kabari iliupanua mti huko juu. Ukigonga kwenda chini unazidi kuukaza.

Wengine huona uvivu wa kutoboa, wakakitupa kichwa cha shoka motoni mti uungue wenyewe. Makali ya shoka hufanywa magumu, kisha hupunguzwa ugumu kidogo, yasimeguke, kwa joto la kati ya nyuzi 200 na 300 za Selsiasi. Makaa ya kuni yanapita 600 bila taabu. Chuma kitatoka kizima kwa macho, lakini makali yatajikunja kwenye fundo la kwanza. Ukinunua kichwa cha mtumba na huna hakika kama kimewahi kuungua, pitisha tupa mpya kwenye makali. Ikiuma kwa shida kidogo, chuma ni kizuri. Ikiteleza kama juu ya kioo, ni kigumu mno na kitameguka. Ikichimba kama kwenye msumari, ugumu umekwenda, na kichwa hicho kinahitaji mhunzi.

Kabla ya kupoteza jasho kwenye kutu, tafuta nyufa, hasa kwenye kuta mbili za tundu. Kichwa kilichotumika kama nyundo ya kugongea kabari za chuma mara nyingi hupasuka hapo. Pangusa kuta za tundu kwa mafuta ya taa, acha robo saa, futa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ukiuona mstari huo, usikitie mpini kichwa hicho. Kichwa kinachoruka hakichagui pa kutua. Kisogo kikiwa kimechanua kama uyoga, ondoa ile mikunjo kwa tupa, maana vipande vyake huruka machoni.

Kutu ni sehemu rahisi. Zamisha kichwa kwenye siki nyeupe kwa saa 12 hadi 24, sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye kijiko kikubwa cha magadi soda kwa kila lita, kausha hapohapo, paka mafuta. Ukikisahau siku tatu, siki itaanza kula chuma kizima na kuacha vishimo.

Sasa mti. Mkole, mkwaju na mpera hutoa mipini mizuri: migumu, lakini inanesa kidogo badala ya kukatika. Mbao za paina za dukani hazifai. Miti yetu mingi haina pete za wazi za kukuonyesha ulalo wa nyuzi, kwa hiyo njia ya uhakika ni kupasua gogo kwa kabari badala ya kutumia ubao uliochanwa kwa msumeno. Mpasuko unafuata nyuzi, msumeno unazikata. Nyuzi zikitoka ubavuni katikati ya mpini, hapo ndipo utakapovunjika, na fundo ni hivyohivyo. Kwa kichwa cha kilo 1.6 kadiria mpini wa sentimita 75 hadi 90. Kishoka cha gramu 600 au 700 kinatosheka na sentimita 35 hadi 40.

Mti mbichi utakuangusha hata ukiukaza vipi, kwa sababu utakauka ukiwa ndani ya tundu. Chonga kwa makisio, acha unene wa ziada, paka ncha zote mbili nta au rangi zisipasuke, weka kivulini penye hewa. Pima uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kupungua, mti umekauka.

Kupachika ndiko kunakotaka subira. Paka masizi ndani ya tundu, ingiza kichwa, kisha shika mpini wima, kichwa kikining'inia chini bila kugusa kitu, na ugonge kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao. Kichwa kitapanda chenyewe, kwa sababu ni kizito na kinakawia kufuata mpini. Kichomoe. Penye masizi ndipo panapokwama. Kwangua hapo tu, kidogo, urudie. Mara nane au kumi ni kawaida. Anayetaka kumaliza kwa mara mbili huondoa mti mwingi kisha anategemea kabari ifidie, na kabari haiwezi kujaza mwanya ulio chini ya tundu. Mti ukishajaza tundu, acha milimita 3 hadi 5 zichungulie juu. Hizo zitapanuka na kukizuia kichwa kisichomoke.

Mkato wa kabari uchanwe kwenye ncha ya juu ya mpini kufuata urefu wa tundu, kina chake kifikie theluthi mbili ya kina cha tundu. Kabari iwe ya mti mkavu, upana sawa na urefu wa tundu, unene wa milimita 6 hadi 8 juu na karibu 1 chini. Igonge taratibu mpaka sauti ibadilike kutoka ya kuitikia hadi ya kugota, kisha acha. Kabari ya chuma ni ya akiba, itiwe mshazari baadaye mti ukilegea.

Paka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) mara tatu au nne kwa siku tofauti, na zaidi kwenye ncha ya juu. Vanishi huleta malengelenge mikononi. Kitambaa chenye linsidi usikikunje ukakiacha ndani. Hujipasha moto na kuweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Mashoka ya wahunzi yaliyofuliwa kwa springi za gari, yale yenye mkia unaopenya kichwa cha rungu, yana kanuni nyingine kabisa. Chuma chake hakina tundu, na hayatumii kabari. Kila pigo linausukuma mkia ndani zaidi, kwa hiyo ukiwekwa vizuri unajikaza wenyewe. Chagua mti wenye kifundo ambacho nyuzi zake zimesukana, hasa pa kuanzia mzizi. Pasha mkia tu, makali yakiwa yamefungwa kitambaa kilicholowa, na utoboe kwa kuunguza kidogokidogo. Tundu la kwenye mti libaki jembamba kuliko mkia. Ukiliunguza likawa pana kwa haraka, umepata rungu la kukokea moto.

Mwisho makali. Mashoka yaliyonolewa miaka mingi kwenye ncha tu huwa yamenenepa nyuma yake, na hayo hudunda hata yakiwa makali. Rudi kwa tupa sentimita 2 hadi 3 nyuma ya makali ukapunguze bapa pande zote mbili. Pembe ya jumla iwe nyuzi 25 hadi 30 kwa kukata, 30 hadi 35 kwa kupasua kuni ngumu. Paka wino wa kalamu kwenye mteremko uone tupa inagusa wapi. Ukitumia gilenda, rangi ya bluu ikitokea ujue ugumu umeondoka hapo, na itabidi uondoe sehemu hiyo yote kwa tupa. Endelea upande mmoja mpaka kucha iguse kimkunjo, yaani ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja, upande wa pili, geuza, kisha maliza kwa kinoo kwa mizunguko midogo hadi kimkunjo kiishe.