Intaneti haitoki juu, na GPS haili bando

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, intaneti ilikuwa nzito mpaka picha moja ya WhatsApp inazunguka tu haifunguki, na barazani kwetu Wete kila mtu akawa na lake, huyu ati satalaiti imeharibika, mwengine ati minara imezimwa. Toka siku ile nimekuwa nasoma haya mambo na nimeona mengi tunayoambizana sivyo yalivyo.

Dhana: intaneti yetu inatoka kwenye satalaiti

Hapana jamani. Zaidi ya asilimia 95 ya mawasiliano baina ya mabara yanapita chini ya bahari, kwenye mikongo, na ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ujumbe wako unakwenda humo kama mwanga unaowaka na kuzima kwa kasi kubwa. Siku ile mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, ndo nchi kadhaa za pwani hii zikayumba, Tanzania ikiwemo. Satalaiti za televisheni ziko kama kilomita 36,000 juu, sauti ikipanda na kushuka robo sekunde ishapita, kwa hiyo mkongo ndo njia ya mkato. Zipo za karibu, za intaneti ya Starlink ziko kilomita 550 hivi, lakini na hizo data ikishateremka chini kwa kawaida inaingia kwenye waya tena.

Na Zanzibar waya wa baharini si mgeni. Wa telegrafu kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879 ukaendelea Msumbiji mpaka Durban, na lile jengo la Shangani ambalo sasa ni hoteli ya Serena lilikuwa Extelecoms, nyumba ya simu za nje. Mie naona watoto wa skuli wangepelekwa pale wakaoneshwa.

Dhana: vijistari vya mtandao vimejaa, basi lazima iwe kasi

Vile vijistari vinakwambia mnara unakusikia vizuri, havikwambii mko wangapi. Jioni ya Iddi pale Tibirinzi simu ina vijistari vyote na video haiendi, maana wote tumebanana kwenye mnara mmoja na njia yake ina kipimo.

Dhana: meseji moja ni meseji moja

Meseji ya kawaida ina nafasi ya herufi 160, ila ukitia herufi za Kiarabu au emoji hata moja, nafasi inashuka mpaka 70, kwa sababu kila herufi sasa inahitaji nafasi kubwa zaidi. Shangazi yangu kila Ramadhani anawatumia watu dua kwa Kiarabu, anashangaa salio limekwenda wapi, kumbe kila dua ndefu inahesabiwa meseji mbili au tatu!

Dhana: mnara karibu na nyumba ndo simu inatoa mawimbi makali

Kinyume chake. Mnara ukiwa mbali simu yako ndo inapaza sauti ili isikike, na chaji inakwisha upesi.

Dhana: baharini bila bando GPS, ile ya simu kujua ipo wapi, haifanyi kazi

Hii ndo inayoniuma, maana ami yangu ni mvuvi kule Makangale na kwa miaka aliizima simu akishatoka nje ya mtandao, akiamini haina faida tena. Mtandao kweli unapotea. Mawimbi ya simu yanakwenda karibu kama mwanga wa mnara wa taa wa Kigomasha, ukizidi kwenda nje dunia inajikunja na ule mnara unazama nyuma yako, mvuvi gani asiyelijua hilo. Na 2G ya kawaida, ule mtandao wa simu wa zamani, haivuki kilomita 35 hata pakiwa wazi, kwa sababu mnara unaipa kila simu zamu yake ya kusema, simu ya mbali mno jibu lake linachelewa linaangukia zamu ya mwenzake.

Lakini GPS ni kitu kingine kabisa. Satalaiti zake ziko kilomita 20,200 juu, zinatangaza saa na mahali zilipo, na simu inasikiliza tu, kama redio, haimjibu mtu wala haikati salio. Ikizisikia nne inapiga hesabu ikajua ipo wapi. Kinachotaka bando ni ile picha ya ramani, si GPS yenyewe. Sasa ami tunamshushia ramani nyumbani kabla hajatoka, simu anaitia kwenye mfuko wa nailoni imejaa chaji, na meseji ya kusema anaelekea upande gani anaituma mapema, kabla taa ya Kigomasha haijazama.