Ukuu wa weupe ni nini hasa

Watu wengi wakisikia ukuu wa weupe wanawaza Ku Klux Klan, kile kikundi cha kibaguzi cha Marekani, majoho meupe na msalaba unaowaka moto, basi. Hao wapo kweli, na wameua watu wengi, ila ukiishia kwao utakuwa umeona kipande kidogo sana. Tunaongelea mfumo mzima unaomweka mtu mweupe juu kwenye sheria, ardhi, shule, mikopo, na ukishasimama unajiendea wenyewe hata kama karani aliyekaa ofisini hana chuki na mtu.

Na kuna watu waliokaa chini wakauandika mfumo huu kwenye sheria. Mwaka 1662 Virginia, koloni la Waingereza kwenye Marekani ya leo, lilipitisha sheria kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake, maana yake mzungu akizaa na mtumwa wake mtoto naye ni mtumwa, yaani baba anaweza kumuuza mwanae wa kumzaa na sheria iko upande wake!! Mwaka 1790 sheria ya uraia ya Marekani ikasema anayeweza kuomba uraia ni mtu mweupe aliye huru. Utumwa ukafutwa 1865, zikaja sheria za kutenganisha watu kwa rangi, na 1896 Mahakama ya Juu ikazibariki. Afrika Kusini nako sheria ya ardhi ya 1913 iliwaachia Waafrika, ambao ndo wengi, asilimia 7 hivi tu ya ardhi, na hapo apartheid yenyewe bado miaka 35.

Mimi naona nyumba ndo zinaeleza vizuri zaidi. Miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilichora ramani za miji, mtaa salama kukopesha unapakwa kijani, wa hatari nyekundu, na mitaa ya weusi ilipakwa nyekundu karibu yote hata wakazi wawe na kazi zao za maana. Weupe wakadhaminiwa mikopo, weusi wakanyimwa, na nyumba kule ndo mali kubwa ya familia, unairithisha, unaiweka rehani mtoto asome chuo. Ubaguzi huo ulipigwa marufuku 1968, sawa, ila ile miaka 30 na kitu ya kukosa nyumba haikurudi. Mwaka 2022, ukizipanga familia kwa mali, ya kizungu iliyoangukia katikati ilikuwa na mali ya dola 285,000 hivi, ya weusi dola 44,900.

Kuna wanaouliza mbona kuna wazungu maskini. Wapo, na wanateseka kweli, lakini hakuna ramani iliyopakwa nyekundu kwa sababu wao ni weupe.